Kadi ya grafiki ya wati 220 kwenye PSU ya wati 450: ilizima, lakini mkosaji ni nani?

Kompyuta ilidumu sekunde nne. Muuzaji alifungua FurMark, programu ya kuikaza kadi ya grafiki, kwa mbwembwe, lile andazi lenye manyoya likazunguka mara moja au mbili kwenye kioo, kisha kimya. Feni zimesimama, taa za kesi zimezima.

"PSU yako ndogo, bosi," muuzaji akasema kabla hata hatujainama kuangalia. PSU ni lile boksi linaloilisha kompyuta umeme.

Mteja wangu akanisogelea sikioni. "Fundi, kadi mbovu hii. Tuondoke."

Wote wawili walikuwa na hoja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kadi mbovu huzima kompyuta, na PSU ndogo huzima kompyuta. Ukiangalia kwa macho tu, vifo hivyo viwili vinafanana.

Nieleze kwanza tulifikaje pale. Mteja wangu ni kijana anayehariri video za harusi na send-off hapa Dar es Salaam. Mashine yake ni ya kawaida: prosesa Core i5-10400F, RAM ya gigabaiti 16, na kadi ya GTX 1650 yenye gigabaiti 4. Anatumia DaVinci Resolve, programu inayoitegemea sana kadi ya grafiki, na kila akiweka video za 4K na rangi zake, kumbukumbu ya kadi inajaa na programu inagoma. Akapata RTX 3070 iliyotumika pale Kariakoo, mali iliyopitia Dubai, kwa laki sita na nusu. Bei ilikuwa tamu. Akaniomba niende naye, tukapakia kompyuta yake kwenye bajaji ili kadi ijaribiwe kwenye mashine itakayoishi nayo.

Tatizo ni kwamba RTX 3070 inakula wati 220, na NVIDIA wenyewe wanapendekeza PSU ya wati 650. Yake ni ya 450. Dukani nako hapakuwa na nafuu: mashine ya muuzaji ilikuwa kompyuta ya ofisini yenye PSU ya wati 290, isiyo na waya hata mmoja wa kadi ya grafiki.

Ile 650 watu huisoma kama sheria. Mtengenezaji hajui utaiweka kadi yake karibu na prosesa gani wala PSU yako ni ya ubora gani, kwa hiyo anaweka akiba kubwa. Namba ya kusoma ipo kwenye stika ya PSU yenyewe: laini ya volti 12. Kadi na prosesa vyote vinakula kutoka hapo. Ya mteja wangu iliandikwa ampea 36, na 12 mara 36 ni wati 432. Hiyo ni PSU ya heshima, karibu wati zake zote ziko mahali zinapohitajika. Nimeshashika boksi lililoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, ukisoma stika ya ubavuni volti 12 ina ampea 18, yaani wati 216. Hilo hata usilisogeze karibu na kadi kama hii.

Basi hesabu: kadi 220, prosesa ikikazwa kweli kama 100, vingine 40. Jumla 360. Chini ya 432. Kwa karatasi inatosha, na bado imezima kwa sekunde nne. Kwa nini?

Kwa sababu wati 220 ni wastani. Kadi za kizazi hiki zinajulikana kwa kuruka: ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde matumizi hupanda mbali juu ya wastani wake, kisha hushuka kabla ya programu yoyote kusoma. PSU yenye ulinzi mzuri inauona mruko ule, inadhani kuna hitilafu, inajikata. Ndiyo maana viwango vipya vya PSU, ATX 3.0 vya mwaka 2022, viliandika kabisa kwamba PSU iweze kustahimili miruko hiyo.

Hiyo ni nadharia nzuri ya kumtetea muuzaji. Lakini kadi yenye shoti inayokuja ikipata mzigo nayo inaiangusha PSU vilevile. Kwa hiyo nikaanza upya, taratibu, huku mteja akitazama saa na muuzaji akihudumia wateja wa chaja.

Kitu cha kwanza nilichogundua kilinikera. Kadi ile ina plagi mbili za umeme, ya pini 8 na ya pini 6. PSU ya kijana ilikuwa na waya mmoja tu wa pini 8, na ile ya pini 6 muuzaji aliilisha kwa adapta iliyochomekwa kwenye plagi ya SATA, zile bapa za diski. Plagi ya SATA imeundwa kupitisha ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na tundu la pini 6 lina haki ya kuomba 75. Adapta hizi ndizo zinazoyeyuka na kunuka. Nikaitoa, nikaweka ya kwangu inayovuta kutoka plagi mbili za Molex, zile za zamani zenye pini nne nene. Kwa majaribio ya mzigo mdogo inafaa. Kwa kuishi nayo miaka mitatu, hapana.

Kitu cha pili: kwenye Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, muuzaji alikuwa amesukuma kikomo cha umeme hadi mwisho kulia "ili uone nguvu yake". Yaani alichukua kadi kubwa kuliko PSU, akaifungulia zaidi, akaipa programu nzito kuliko mchezo au kazi yoyote utakayoifanya maishani. Hapo hata jibu lingekuwa lipi, lisingetufundisha kitu.

Kabla ya kuwasha tena, nilisoma alama za kile kifo cha kwanza. Kompyuta ilizima yote kwa mpigo, siyo kioo peke yake. Monita, iliyochomekwa kwenye UPS ileile, ilibaki na taa, kwa hiyo UPS haikuhusika. Kitufe cha kuwasha hakikujibu mpaka nilipozima swichi ya nyuma ya PSU, nikasubiri kama dakika moja, nikairudisha: hiyo ni tabia ya PSU iliyojifunga kwa ulinzi. Nikarudisha GTX 1650, ikawaka bila shida. Rekodi za matukio za Windows zilikuwa na tukio namba 41 tu, lile la kuzimika ghafla, bila malalamiko yoyote ya draiva kabla yake. Na nilipopima pini za volti 12 za kadi kwa mita, hapakuwa na shoti.

Alama hizi zina lugha yake. Kioo kikiwa cheusi, feni za kadi zikavuma kwa nguvu zote na sauti ya muziki ikaendelea, ni kadi iliyopotea, PSU ingali hai. Picha ikitoa nukta za rangi au miraba, shuku kumbukumbu ya kadi. Kioo kikiganda sekunde mbili kisha kurudi na Windows ikiandika kwamba draiva iliacha kujibu, angalia kasi na volti za chipu, au kumbukumbu tena. Kuzima kote kwa mpigo bila neno ndiko kunakoelekeza kidole kwenye PSU. Kunaelekeza tu. Bado hakuhukumu.

Nikaikagua kadi kwa tochi. Pembeni mwa bamba la nyuma kulikuwa na mafuta mafuta yaliyovuja kutoka kwenye padi za joto, na stika ya skrubu moja ilikuwa imetobolewa. Kadi hii ilifanya kazi ngumu mahali fulani, pengine kuchimba sarafu za kidijitali. Tangu Ethereum iache kuchimbwa kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kadi za namna hii zimetapakaa duniani, nasi tumepata sehemu yetu. Siikatai kadi kwa sababu hiyo peke yake, na yale mafuta hayapitishi umeme. Kilichonipa moyo ni skrubu za bamba la chuma: hazikuwa na kutu. Kadi zilizokaa miaka karibu na bahari hapa kwetu huonekana hapo kwanza.

Nikaiwasha ikiwa imetulia. Kadi ya wati 220 ikiwa haina kazi hula chini ya wati 20, kwa hiyo hata PSU ndogo inakuruhusu kufanya nusu ya ukaguzi bila wasiwasi. GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, ilionyesha viini 5888, gigabaiti 8 za GDDR6, njia ya biti 256. Hiyo ni 3070 halisi, siyo kadi ya zamani iliyobadilishwa jina ndani. Sloti ilisoma x16, yaani njia zote 16 za mawasiliano. Ingesoma x8 au x4 ningeanza kutafuta mguu uliokatika au uchafu kwenye meno ya kadi. Matundu yote ya HDMI na DisplayPort nikayajaribu moja moja, kazi ya dakika tano ambayo watu wanaipuuza halafu wanarudi kulia.

Sasa mzigo. Wengi wakiwa na PSU ndogo hushusha kikomo cha umeme tu, kwa asilimia. Kinasaidia, ila kikomo kile hufanya kazi kwa kuangalia wastani na kurekebisha baadaye. Mruko wa ghafla unakipita kama pikipiki kwenye foleni ya Ubungo. Dawa ni kufunga kasi ya chipu. Chipu ikifungwa kasi ya chini, inahitaji volti ndogo, na volti zikishuka hata miruko inakuwa midogo. Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika:

nvidia-smi -lgc 210,1200

Chipu ikafungwa isipite megahezi 1200. Upande wa prosesa nikaweka kiwango cha juu asilimia 99 kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ujanja wa zamani unaozima turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa. Kisha nikaanza na kumbukumbu, kwa memtest_vulkan, programu ya kupima kumbukumbu ya kadi.

Hapa ndipo napenda watu waelewe, maana ndiyo faida kubwa ya njia hii. Kufunga kasi ya chipu hakugusi kasi ya kumbukumbu. Chipu inatembea, lakini zile gigabaiti 8 zinakimbia kwa mwendo wao wote. Na kwenye kadi iliyochimba sarafu za Ethereum, kumbukumbu ndiyo iliyoteswa zaidi. Kwa hiyo kiungo cha kutilia shaka kuliko vyote kinaweza kupimwa vizuri hata kwa PSU ndogo. Dakika ishirini, kosa sifuri. Nikapumua.

Baada ya hapo nikapanda ngazi kwa Superposition, programu inayochora chumba cha maabara na kuikaza kadi kama mchezo mzito. FurMark sikuigusa tena. Kwenye 1200 kadi ilikula wati 110, joto nyuzi 55, na kilele, yaani pale penye joto kali kuliko kote ndani ya chipu, nyuzi 70. Kwenye 1725, kasi ambayo NVIDIA wanaitangaza kwa 3070, wati 175, joto 68, kilele 92. Nusu saa, haikutetereka. Mita niliyoipachika kwenye waya wa volti 12 ilisoma 12.08 kadi ikiwa imetulia na 11.87 ikikazwa. Kiwango kinaruhusu kushuka hadi 11.4, kwa hiyo PSU haikuwa inalegea. Mita ya mkononi haioni mruko wa sehemu ndogo ya sekunde, lakini ingeona PSU iliyochoka.

Ilibaki kuwatenganisha watuhumiwa. Nikampa prosesa turbo yake na kazi ya kutoa video ya harusi ya mteja mwenyewe, huku kadi imefungwa kwenye 1725: dakika kumi na tano, salama. Nikageuza, kadi huru kwa wati zake 220 za kiwandani, prosesa imezimiwa turbo: dakika kumi na tano, salama. Nikawafungulia wote. Dakika ya pili, kimya, na kitufe hakijibu mpaka swichi ya nyuma.

Kama kadi ingekuwa na hitilafu inayotoka ikifika wati 220, ingezima kwenye jaribio la pili. Kama prosesa au madabodi, kwenye la kwanza. Inazima wakiwa pamoja tu: jumla ndiyo inayoizidi PSU. Nikamwambia mteja kwamba kwa suala la kuzima, muuzaji ana haki. Sikuendelea kurudia. Ulinzi wa PSU ni kama fyuzi, haujawekwa pale uchezewe mchana kutwa.

"Kwa hiyo nilipe?" akauliza.

Hapo nilisita. PSU ndogo inaweza kukuonyesha kwamba kadi ni mbovu. Kukuhakikishia kwamba ni nzima, haiwezi, maana kuna mahali haikufikishi: mzigo kamili, muda mrefu, kila kitu kikiwa cha moto. Tukakubaliana na muuzaji hivi: laki nne mkononi, laki mbili na nusu zibaki hadi kadi ijaribiwe kwenye PSU ya kutosha ndani ya siku tatu. Namba ya kadi ikaandikwa kwenye risiti. Muuzaji alinung'unika, lakini aliandika. Anayekataa sharti kama hilo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Siku ya pili tukaazima PSU ya wati 650, ampea 54, kwa rafiki yangu wa Mwenge. Tuliichukua na nyaya zake zote, na hili nalisema kwa mkazo: nyaya za PSU zinazochomoka hazibadilishwi kati ya kampuni na kampuni, wala wakati mwingine kati ya modeli mbili za kampuni moja. Plagi inaingia vizuri kabisa, lakini mpangilio wa pini upande wa PSU ni tofauti, na kadi inaungua papo hapo.

Tukawasha, kila kitu huru, video ya harusi upande mmoja na Superposition upande wa pili. Haikuzima. Dakika kumi, ishirini, haikuzima. Lakini dakika ya nane nilikuwa nimeshasikia feni za kadi zikilia kuliko inavyostahili. Joto 77. Kilele 107, na kasi ya chipu ikaanza kushuka yenyewe ili kujiokoa.

Nikarudi kwenye daftari langu la juzi, na nikaona aibu kidogo. Kwenye wati 110 tofauti kati ya joto la kawaida na kilele ilikuwa nyuzi 15, nikaiona ya kawaida, kwa sababu nimezoea kuona 12 hadi 15 kwenye kadi nzima. Lakini nimezoea kuiona kwenye kadi zinazokula wati zake zote! Tofauti hiyo inakua pamoja na wati. Nyuzi 15 kwa wati 110 ni nyuzi 30 kwa wati 220, na ndicho hasa kilichotokea. Hata kipimo cha kati kilisema hivyohivyo: 24 kwa wati 175. Pesti ya chipu, ile inayopeleka joto kwenye kipoozeo, ilikuwa imekauka, na dalili ilikuwa mbele yangu tangu ngazi ya kwanza. Mzigo mdogo uliificha kwa sababu niliisoma kwa kipimo cha mzigo mkubwa.

Tukampigia muuzaji. Alikuja na maneno mengi, kwamba Dar kuna joto, kwamba kadi zote ziko hivyo. Nikamtumia picha ya namba. Akakubali kupunguza elfu sitini, nami nikaifungua kadi, nikaisafisha, nikabadilisha pesti na padi. Chini yake pesti ilikuwa ngumu kama gundi ya mbao iliyosahaulika. Tuliporudia jaribio lilelile: joto 71, kilele 84, na feni unazisikia tu ukiinama.

Mteja alitaka kujua kama anaweza kuendelea na ile 450 kwa muda, maana bajeti ilikuwa imekwisha na msimu wa harusi ulikuwa unaanza. Nilimwambia anaweza, kasi ikiwa imefungwa kwenye 1500, na nikamwandikia amri ile kwenye faili inayojiendesha kila Windows inapowaka, kwa sababu kufuli lile halibaki baada ya kuzima kompyuta. Kwenye kasi hiyo kadi inakula wati 145 hivi, na Resolve yake haikulalamika. Adapta yangu ya Molex nikampa kwa mwezi mmoja, kwa sharti kwamba kila jioni aishike plagi kwa vidole. Akiona ina moto, azime na anipigie.

Alinunua ya 650 baada ya wiki tano. Ile ya 450 akaniachia kama sehemu ya malipo, na sasa ndiyo PSU ya meza yangu ya majaribio. Ubavuni nimeiandika kwa kalamu ya maka, 36A, na chini yake: gawanya nyuzi kwa wati.